Mtu Mzima Atakaye Shahada ya Lugha ya Kigeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema na akili ya kufahamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Juzi, baada ya darsa ya usiku, ndugu yetu mmoja alibaki nyuma hata watu wakaisha kutoka, ndipo akatusogelea akatueleza haja yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kosa. Umri wake ni miaka 41. Kazi yake ni kuwaongoza wageni kule Malindi, na Kitaliani amekishika kwa masikio tangu ujana wake, akizungumza nao huku wakicheka pamoja, lakini kukiandika hajui. Mtihani wake wa KCSE alipata C. Kwa muda wa miaka sita ameweka akiba, na mkewe alikuwa akitaraji fedha hizo zijenge chumba cha kupangisha. Yeye ataka kuzitumia kuingia chuo kikuu, asome lugha ya kigeni mpaka apate shahada.

Masuali yake yalikuwa matatu. Jee, si aibu kwa mtu wa umri wake kuketi darasani pamoja na vijana walio sawa na wanawe? Jee, asome lugha ipi? Na jee, aende chuo gani? Tulimwomba atupe muda, kwani si haki kumjibu mtu kwa haraka juu ya akiba ya miaka sita. Na kwa kuwa twajua wako wengine, wanaume kwa wanawake, wenye suali hilo hilo nao wamenyamaza, tumeona tuliandike jawabu hapa ili faida iwe ya wote.

Aibu iko wapi?

Watu wengi wakisikia khabari ya kujifunza lugha za wengine humtaja Zaid bin Thabit, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ambaye Mtume S.A.W. alimuamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa nusu ya mwezi tu kama ilivyopokewa. Hiyo ni hoja tosha kuwa kujifunza lugha ya watu wasiokuwa Waislamu si makosa. Walakini ndugu yetu atasema: "Zaid alikuwa kijana, mimi nina mvi." Basi na tumpe mfano wa wenye mvi.

Imam Al-Kisai, aliyefariki mwaka 189 Hijria, ni mmoja katika wale wasomi saba ambao visomo vyao vya Kurani vyajulikana ulimwengu mzima, naye ndiye aliyewafundisha watoto wa Khalifa Harun Rashid. Imesimuliwa kuwa sarufi ya Kiarabu aliianza ukubwani. Sababu yake ilikuwa neno moja. Aliingia katika majlisi ya watu naye amechoka kwa kutembea, akasema nimechoka, lakini akalitamka neno hilo kwa namna ambayo maana yake kwa Waarabu si uchovu wa mwili. Wenziwe wakamkosoa. Hakugomba, wala hakutoa udhuru. Aliinuka papo hapo akauliza ni nani afundishaye sarufi, akamuendea. Alipokwisha kuchukua aliyonayo mwalimu huyo, alisafiri mpaka Basra kwa Al-Khalil bin Ahmad, akamuuliza: ilimu hii wewe umeitoa wapi? Alipoambiwa kuwa imetoka kwa mabedui wa majangwa ya Hijazi na Najdi na Tihama, alifunga safari akaenda kukaa nao, akisikiliza na kuandika, hata ikasemwa kwamba alimaliza chupa kumi na tano za wino.

Na katika madhehebu yetu ya Shafii yuko Imam Al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Jina lake lenyewe latokana na kazi yake: alikuwa fundi wa makufuli. Alifika umri wa miaka thalathini akiwa kiwandani mwake, ndipo akaanza kusoma fikihi, na baadaye wanavyuoni wakawa wasafiri kuja kusoma kwake.

Basi aibu iko wapi? Aibu ni kujua kwamba hujui, kisha ukaona haya kuuliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wataalamu waliochunguza jambo hili wamesema kuwa mtu mzima, mwanzoni mwa masomo, huzishika kanuni za lugha upesi kuliko mtoto mdogo; ambalo mtoto humpita mwishoni ni matamshi. Kwa hivyo mtu mzima asidanganywe kuwa mlango umefungwa. Umefunguka, ila una kizingiti chake, nacho ndicho tunachotaka kukieleza.

Shahada ya nini?

Jambo la kwanza la kuamua si chuo wala lugha, ni kazi. Shahada zote zitwazo "za lugha" si kitu kimoja. Iko shahada ambayo ndani yake husomwa zaidi vitabu vya fasihi ya lugha ile na ilimu ya muundo wa lugha. Iko ya ualimu. Iko ya tafsiri na ukalimani. Na iko ambayo lugha imefungamanishwa na fani nyingine, kama biashara au utalii. Aliyesoma moja hakusoma nyingine, na mtu wa miaka 20 akikosea ana muda wa kurudi nyuma, lakini mtu wa miaka 41 kila mwaka aupotezao hauna badala.

Tuchukue mfano wa mama mmoja afundishaye Kiarabu katika madrasa, naye ataka kukifundisha katika shule ya sekondari. Kiarabu, kama Kifaransa na Kijerumani, ni somo linalotahiniwa katika KCSE, basi nafasi ya mwalimu ipo. Lakini mwalimu hana budi asajiliwe na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, na Tume hiyo hutaka mtu awe na shahada ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundisha. Au kama shahada yake si ya ualimu, aongeze baadaye diploma ya ualimu ya baada ya shahada. Kadhalika hutazama alama za mtihani wake wa sekondari. Mama huyu akichagua shahada ya fasihi ya Kiarabu kwa sababu jina lake lapendeza, atakuja kujua baada ya miaka minne kuwa safari yake haijafika. Angeliuliza TSC siku ya kwanza, angelichagua njia iliyonyooka.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo wengi wanapoghafilika, na twamuomba msomaji atusikilize kwa makini.

Marekani wana chuo chao cha Wizara ya Mambo ya Nje kinachowafundisha wanadiplomasia wao lugha, na kwa uzoefu wa miaka mingi wamekisia saa za darasani zinazohitajiwa na mtu asemaye Kiingereza ili aweze kufanya kazi kwa lugha ya kigeni. Kitaliani na Kifaransa wameviweka baina ya saa 600 na 750. Kijerumani kiasi cha saa 900, na Kiswahili chetu pia wamekiweka katika saa 900. Kiarabu, Kichina na Kijapani wameviweka saa 2200. Na juu ya saa hizo, mwanafunzi hujisomea nyumbani kila siku.

Sasa tupige hesabu. Chuo kikikupa saa sita za lugha kwa wiki, kwa wiki thelathini katika mwaka, ni saa 180. Kwa miaka minne ni saa 720. Kwa Kitaliani au Kifaransa, kipimo kimefikiwa. Kwa Kiarabu au Kichina, umepata kiasi cha thuluthi moja tu! Basi thuluthi mbili zilizobaki zitatoka wapi? Mali bila daftari huisha bila khabari, na umri ndio mali iliyo kubwa zaidi.

Hatusemi hayo kumvunja moyo mtu asisome Kiarabu. Mtu wa mwambao aliyepitia chuoni kwa mwalimu ana mtaji ambao Mmarekani hana: hati aijua, herufi azitamka, na maneno mengi tayari yamo kinywani mwake. Lakini na atahadhari, kwani ufanani huo pia hudanganya. Sisi husema "tafadhali" tukiomba, na Mwarabu hulisema akikaribisha. Sisi husema "karibu" kwa kumpokea mgeni, na kwake ni kilicho jirani. Tena Kiarabu cha vitabuni si kile kisemwacho sokoni Maskati wala Misri, na mwenye kukusudia kufanya kazi Ghuba yampasa aulize kama chuo chafundisha vyote viwili.

Twasema haya kwa kuwa yalitupata wenyewe. Tuliisoma Ajrumiya tungali wadogo, kisha tukaingia katika Alfiya ya Ibn Malik, tukawa twaweza kuifanyia irabu jumla ndefu neno kwa neno. Siku moja akaingia msikitini mgeni Mwarabu, amembeba mwanawe mgonjwa, akatuuliza liko wapi duka la dawa. Tulimfahamu nusu, na kumjibu hatukuweza. Tulimuelekeza kwa mkono kama mabubu, naye akaondoka mbio. Tangu siku ile tulijua kuwa kuijua lugha na kuijua khabari ya lugha ni mambo mawili. Al-Kisai aliligundua hilo kabla yetu kwa zaidi ya miaka elfu, ndiyo maana akaenda jangwani.

Basi mwenye kazi na watoto, asiyeweza kwenda jangwani, na ajitengenezee jangwa lake nyumbani. Saa mbili kila siku, siku tano kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka, ni saa 450. Kwa miaka minne ni saa 1800. Ukizijumlisha na zile 720 za darasani, umepata 2520. Hesabu imekubali. Lakini anayeona kuwa saa mbili hizo hazipati, na asichague lugha ya saa 2200, hata ikiwa ndiyo inayosifiwa zaidi barazani.

Milango ya kuingilia

Katika Kenya, mlango wa moja kwa moja wa shahada ni C+ katika KCSE. Aliyepungukiwa hakufungiwa, bali hupita mlango wa ubavuni: husoma diploma kwanza, kisha akapanda kwenye shahada. Njia hii ni ndefu zaidi, walakini ina faida kwa mtu mzima, maana akikwama njiani ana cheti mkononi, wala hakutoka mikono mitupu.

Vyuo huria pia vipo kwa ajili ya watu walio na kazi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliundwa mwaka 1969 kikaanza kusomesha 1971, na masomo yake mengi ya shahada ya kwanza hayadai vyeti vya shule. Jirani zetu wa Tanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu miaka ya 1990, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023. Lakini si kila chuo huria kina shahada ya lugha, wala si kila lugha, basi na aulize kabla ya kutia nia. Na huko Hispania, sheria imeweka mtihani maalumu wa kuingilia chuo kikuu kwa aliyepita umri wa miaka 25, na njia nyingine kwa aliyepita miaka 40 mwenye uzoefu wa kazi. Wenzetu hao wamekubali kwamba miaka aliyoishi mtu nayo ni masomo.

Kwa upande wa pili, ipo milango ambayo kweli hufungwa na umri. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, ndicho vijana wetu wengi wanachokitamani, kwa kuwa husomesha kwa gharama yake. Lakini masharti yake kwa shahada ya kwanza yamekuwa yakitaka mwombaji asizidi miaka 25. Aliye na miaka 41 asipoteze miezi akikusanya karatasi za maombi ya namna hiyo. Kwanza na asome sharti la umri, ndipo asome mengine.

Masuali ya kuulizwa kabla ya kulipa

Mtu akinunua shamba huuliza hati, mipaka na maji. Anayenunua masomo naye na aulize haya, tena apate jawabu kwa maandishi.

Kwanza: Jee, masomo haya yamekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012? Na kama chuo ni cha nchi za nje, jee, shahada yake itatambuliwa hapa?

Pili: Ni saa ngapi kwa wiki ambazo mwanafunzi husema lugha yenyewe, si kusomeshwa khabari zake kwa Kiingereza?

Tatu: Mwanafunzi huhitimu akiwa daraja gani? Tangu mwaka 2001 Baraza la Ulaya limetoa kipimo cha daraja sita, kuanzia A1 ya mwanzo kabisa mpaka C2 ya upeo, na vyuo vingi vyakifuata. Chuo kisichoweza kukwambia wanafunzi wake hufika wapi, huenda hakijawapima.

Nne: Ukiwa tayari wajua kiasi, jee, watakupima na kukuruka madarasa ya mwanzo, au utalipa karo ufundishwe kuhesabu moja mpaka kumi?

Tano: Masomo ni saa ngapi za siku, na mwenye kazi ahudhurieje? Jee, ukilazimika kusimama mwaka mmoja kwa ugonjwa au kwa kukosa fedha, utaruhusiwa kurudi ulipoachia?

Sita: Jee, iko nafasi ya kukaa kwa muda katika nchi ya lugha hiyo, na gharama ni ya nani?

Kisha na aombe ruhusa aketi darasani siku moja tu, asikilize. Akiwasikia wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaulizana mambo yao kwa lugha ile, hiyo ni dalili njema. Akiwasikia wanayamaza na mwalimu peke yake ndiye anayesema, basi majengo marefu na jina kubwa la chuo halitamfaa kitu.

Jawabu yetu kwa ndugu yetu

Tulipokutana naye tena tulimwambia hivi. Kitaliani chako ni mali uliyokwisha kuichuma. Usiende kuinunua mara ya pili kwa akiba ya nyumba yako. Ulichokosa ni kuandika na kusoma, tena ni ushahidi wa kuonyesha. Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, huko Italia, kina mtihani wake uitwao CILS, nao hufanywa pia nje ya Italia, kwa daraja zile zile sita. Jisomee maandishi mwaka mmoja, kisha upimwe. Hilo litakula sehemu ndogo tu ya akiba, na utajua ulipo.

Baada ya hapo, kwa kuwa una C, tafuta diploma iliyokubaliwa ambayo lugha imefungamana na utalii, nayo iwe na njia ya kupandia shahada. Lugha ya pili ichague kwa saa ulizo nazo, si kwa sifa. Nawe wasema kuwa wageni huja kwa msimu, na msimu ukipita una nafasi. Basi miezi hiyo ndiyo jangwa lako.

Na lililo kubwa kuliko yote tulimwambia: nenda ukae na mkeo, umfungulie daftari umuonyeshe hesabu hii yote. Fedha zile ziliwekwa kwa kunyimana, yeye na wewe. Mtu hawezi kujisomea saa mbili kila usiku katika nyumba ambayo mwenye nyumba hajaridhia.

Hakuondoka na furaha kamili, maana alikuja akitaraji tumtajie jina la chuo, nasi tukampa hesabu na masuali. Lakini jina la chuo mtu yeyote atakutajia. Wiki iliyopita ametuletea khabari kuwa mkewe, baada ya kuitazama hesabu ile kwa muda mrefu, alimuuliza jambo moja: na mimi niliyeacha shule kidato cha tatu, yangu itapigwa lini? Twaona suali hilo lataka darsa yake peke yake, nasi tutalirudia inshallah.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutafuta ilimu yenye manufaa, na kuitafuta kwa njia yake. Wallahu aalam.